Mama Alivyobaki Kwenye Benchi

Kanisa ninamosali sasa, huku Bunju, lina mabenchi mazito ya mninga, na watu wanapoinuka kwenda kupokea Komunyo mabenchi hayo hulia yote kwa pamoja, kisha viatu vinaanza kuburuzika sakafuni. Wenzangu wakisikia mlio huo hufumba mikono na kuingia kwenye mstari. Mimi, nisiwafiche, hugeuka kwanza. Natazama nani amebaki amekaa. Najua ni tabia mbaya, na kuna mama mmoja wa kwaya ameshanikata jicho zaidi ya mara moja, lakini nimekuwa hivi tangu nina miaka saba. Mtu wa kwanza niliyemtazama hivyo alikuwa mama yangu mzazi.

Mimi ni mtoto wa Kiwangwa, kwenye mananasi. Kanisa letu la kigango lilikuwa na ukuta wa tofali uliofika kiunoni tu, juu wazi, na Jumapili za msimu upepo ulituletea harufu ya mananasi yaliyoiva hadi kuanza kuchacha, pamoja na nyuki wake. Mama nami tulikaa benchi la tatu, mwishoni kabisa, kando ya njia. Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe, maana anayekaa mwisho wa benchi ndiye anayetakiwa kutoka wa kwanza. Mama hakutoka. Aliyasogeza magoti yake upande, akayabana, akawapisha wenzake. Wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akimshika bega asianguke, na benchi zima likabaki letu, yeye na mimi.

Angeweza kukaa nyuma kwa wachelewaji, asionekane. Wapo waliomshauri hivyo, nilisikia kwa masikio yangu. Alicheka kidogo, na Jumapili iliyofuata akakaa palepale.

Siku moja nilimuuliza kwa nini haendi mbele kama mama wa rafiki yangu Tekla. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua macho.

"Mimi bado," akasema.

Basi. Neno moja hilo nililibeba kichwani mwaka mzima, na ninyi mtaona lilinipeleka wapi.

Lakini kwanza niwaambie watu wa nyumbani kwetu. Mama alitoka Mahenge, kwa Wakatoliki wa babu na bibi, akaja Kiwangwa akiwa msichana kumsaidia dada yake mwalimu aliyekuwa amejifungua. Dada akahamishwa kikazi. Mama hakuondoka naye, kwa sababu alikuwa ameshampenda Baba. Baba alikuwa Mkwere, Mwislamu, mkulima wa mananasi, mtu mpole mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, na alikuwa na mke mwingine Msata. Huyo nilimwita Mama Mkubwa, na nilimpenda kwa dhati kwa sababu ya vitumbua vyake vya Idi. Baba alikaa siku nne kwake, siku tatu kwetu. Nyinyi mmeshaelewa kwa nini Mama, mke wa pili asiye na ndoa ya kanisa, alibaki kwenye benchi. Mimi sikuelewa. Kwangu baba ni mtu wa siku tatu, kama vile wiki ni ya siku saba, na sikuona hilo linahusianaje na kanisa.

Siku zile nne nyumba ilikuwa kimya sana. Sikuwa na kaka wala dada, Mama hakuwa na ndugu karibu, na majirani zetu, watu wema kabisa, ikifika magharibi walikuwa na swala yao. Sisi tulikuwa na yetu. Tulitandika mkeka, Mama akaegemeza picha ya Bikira Maria kwenye kopo la chumvi, tukasali rozari watu wawili. Yeye anaanza, mimi naitikia, halafu mimi naanza, yeye anaitikia. Nilikuwa nikitamani sana sauti ya tatu. Nilipolalamika kwamba kwa akina Tekla wanaitikia watu tisa, Mama aliniambia niongeze sauti.

Kila kitu nilichokijua nilikipata kwake. Ishara ya msalaba alinifundisha kwa kunishika kiganja, sala ya asubuhi tukienda shamba, sala ya kutubu tukipalilia, tena hiyo niliichukia kwa sababu ni ndefu na jua lilikuwa kali. Nilipoanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, Baba naye akaingia kazini bila kuajiriwa. Kanisa lilikuwa mbali, kwa hiyo Jumamosi zake za kuwa kwetu alinipakia kwenye baiskeli, akanisubiri nje akizungumza na wapita njia, kofia kichwani. Njiani nilisali kwa sauti ili nisisahau. Mara moja akasimamisha baiskeli, akaniambia kuna neno nimeliruka pale katikati. Nikamuuliza lipi. Akakuna ndevu, akasema yeye halitamki, lakini nimeliruka, nirudie. Nilirudia mara tatu mpaka akaridhika, ndipo akakanyaga pedali.

Sasa lile neno la Mama. Katekista wetu, tuliyemwita Mwalimu Deo, alikuwa na mtihani wake wa mdomo, maswali sijui mangapi, na aliyeshindwa alirudia mwaka. Kulikuwa na kijana mmoja amerudia hadi ameota ndevu. Nikapiga hesabu zangu: watu hawapokei kwa sababu bado hawajafaulu, Mama amesema bado, basi Mama ameshindwa mtihani wa Mwalimu Deo. Jamani, nilimwonea huruma! Nikaanza kumfanyia majaribio. Akikoroga ugali namuuliza sakramenti ni ngapi. Akichota maji namuuliza dhambi ya asili ni nini. Alijibu yote, hata yale niliyokuwa siyajui vizuri mwenyewe, na mimi nikawa namtazama kwa mshangao. Nilijiambia kumbe anaogopa tu, akifika mbele ya Mwalimu anatetemeka kama mimi.

Kwa hiyo Jumamosi moja wenzangu walipotoka mimi nilibaki. Nikamwamkia Mwalimu Deo upya, kana kwamba hatukuwa pamoja saa nzima, nikamwambia mama yangu anajua maswali yote, amsamehe yale ya zamani, amuulize tena hata kesho. Alikuwa mtu wa ukali yule, chaki alikuwa akiirusha. Siku hiyo aliiweka chini.

"Najua anajua," akaniambia. "Mama yako angeweza kunifundisha mimi."

Akanipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtoto, akaniambia niende, baba ananisubiri. Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kama anajua, na Mwalimu anajua kwamba anajua, wanamnyima kwa nini?

Siku yangu ikafika. Gauni Mama alilishona mwenyewe kwa mkono, na shela aliikata kwenye chandarua cheupe kipya ambacho hakikuwa kimefunguliwa bado. Kilikuwa na ile dawa ya mbu, na mimi nilipiga chafya tangu nyimbo za kuingia hadi mahubiri. Baba alikuja. Alikaa nje kwenye ukuta ule mfupi, miguu upande wa barabara, uso upande wetu.

Tulitangulia sisi watoto. Padri akaniwekea Komunyo mdomoni, nikajibu amina, nikageuka, nikamwona Mama. Kina mama wote walikuwa wameinuka kutufuata, na yeye amekaa peke yake kwenye benchi la tatu, magoti upande, ananitazama mimi akitabasamu, na machozi yanamtoka. Sikuwahi kumwona kwa upande ule. Nilizoea kuwa kando yake. Kutoka mbele alionekana mdogo sana.

Sikumeza. Nilirudi nimefumba mdomo, nikakaa, nikamsogelea hadi sikioni, nikamwonyesha kwa kidole mdomo wangu, kisha mdomo wake. Nilikuwa nataka tugawane. Ndivyo tulivyofanya kwa kila kitu nyumbani, hata yai. Alielewa mara moja. Akanishika kidevu kwa upole lakini kwa nguvu.

"Meza, mwanangu. Hiyo ni yako," akaninong'oneza. "Yangu itakuja. Siku yangu ikifika utakaa na mimi hapa?"

Nikatikisa kichwa kukubali, nikameza, nikapiga chafya. Ahadi yenyewe ndiyo hiyo. Niliitoa nikiwa na miaka tisa, shela ya chandarua kichwani, na sijawahi kuahidi kitu kwa moyo mweupe kama ule.

Nilielewa mengine nikiwa kidato cha pili, bila kuelezwa na mtu. Mama alikuwa na njia moja tu ya kuinuka pale kwenye benchi: kumwacha Baba. Padri mmoja alimwambia hivyo wazi, na hakumwambia uongo. Mama hakumwacha, wala hakuliacha kanisa. Alikaa katikati ya hayo mawili kila Jumapili, akiwapisha watu kwa magoti yake, akanilisha mimi kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa na njaa nacho. Nilipoelewa nilimkasirikia Baba wiki nzima. Halafu akaja na baiskeli kunichukua shuleni, mvua inanyesha, amenivulia koti lake, hasira ikaniishia njiani.

Maisha yakanileta Dar. Nilijifunza cherehani, nikapata fremu ya duka hapa Bunju, nikapata na wateja ambao hawajui Jumapili ni nini. Kanisani nikawa naenda Pasaka na Krismasi, baadaye Krismasi tu. Kuungama niliacha kabisa. Mama alinipigia simu kila Jumamosi jioni kuniuliza kama kesho nitasali, na mimi nilijibu ndiyo, nikiwa nakata kitambaa.

Baba alifariki mwezi wa masika. Tulimzika Msata, kwa taratibu zao, na Mama akakaa eda pamoja na Mama Mkubwa, wajane wawili chumba kimoja, miezi minne na siku kumi. Hakuna aliyemlazimisha. Mama Mkubwa aliniambia baadaye kwamba jioni Mama alisali rozari yake kwa sauti ndogo pembeni, na usiku ambao Mama hakuisali, yeye Mama Mkubwa alikosa usingizi.

Eda ikaisha, Mama akarudi Kiwangwa. Jumamosi simu ikalia kama kawaida. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za kazi. Kisha akasema, "Kesho uje tusali wote."

Nilikuwa na sare za harusi ya watu, magauni sita hayajapindwa. Nikamwambia Mama, wiki ijayo, wiki ijayo bila kukosa. Akasema haya mwanangu, kazi njema. Tena mnisikilize vizuri: sikujiuliza chochote. Mwanamke ameiambia dunia "bado" kwa miaka thelathini, mumewe amekufa, eda imeisha, ananiita kanisani, na mimi nikarudi kwenye pindo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kweli, na mfuko wa mchele na kanga doti moja. Tulichelewa kidogo kwa sababu yangu. Mama akatangulia kuingia benchi la tatu, mimi nikakaa mwisho, kando ya njia, mahali pake. Mabenchi yakalia. Nilikuwa sijaungama miaka, kwa hiyo nikayasogeza magoti upande kuwapisha wa ndani, huku nikingoja tubaki wawili kama zamani. Nikahisi mkono begani.

"Nipishe mwanangu," Mama akasema. "Nipite."

Akapita, akinishika bega asianguke. Akaingia kwenye mstari nyuma ya mama yake Tekla, mgongo umeinama kidogo, ndala zake zinaburuzika. Hakusita wala hakutetemeka. Alikwenda kama mtu anayeijua njia, ndipo nikajua hiyo haikuwa mara ya kwanza.

Benchi zima likabaki langu. Nadhani ilikuwa dakika tano. Wanaorudi wanakutazama, halafu wanajifanya hawakukutazama. Hujui mikono uiweke wapi. Unasoma maandishi ya ukutani ambayo umeshayasoma. Mtoto mmoja wa benchi la mbele aligeuka akanikodolea macho waziwazi. Utotoni nilidhani nilibaki na Mama pale. Hapana. Nilikuwa nimekaa kando yake tu, alibaki peke yake, na aliweza kunitabasamia.

Niliungama mwezi uleule. Tukapokea pamoja, yeye na mimi, kila nilipoweza kufika, miaka mitatu hadi alipolala katika Bwana. Namshukuru Mungu kwa hiyo. Lakini ile moja, ya kwanza, sikuwepo.

Siku ile niliyobaki kwenye benchi tulirudi nyumbani. Alimenya nanasi, akanikatia kipande cha chini, kile kitamu. Nilishindwa kula. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwenye simu kwamba ni siku yake. Akasema aliniambia nije. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anafuta kisu.

"Nafasi yako niliiwekea kanga," akasema. "Watu walikuwa wengi, wakawa wanauliza. Nikawaambia hapo pana mtu."