Mapezi Niliyoyapima Buchani

Mimi ni mwoga wa maji. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaani kwetu Kalangalala wakiniona napita na salfeti langu la vifaa wananiita kamanda, na mimi nawapungia mkono kama kweli vile. Kazi yangu ni kuzamia ziwani chini ya vizimba vya samaki. Nakagua nyavu, naziba palipotoboka, natoa sato waliokufa. Mwaka wa sita huu, na bado naogopa kila nikitaka kuzama. Sijawahi kumwambia mtu. Uwe mwanamke peke yako kwenye kazi ya wanaume, halafu useme unaogopa? Thubutu!

Anayejua ni mama yangu, na wala sikumwambia, alijua tu. Mama ni mtu wa Samuye, mtu wa ng'ombe. Maji anayoyajua yeye ni ya lambo la kunyweshea mifugo, na hata hayo alituchapa tulipoyasogelea. Nilipomleta tukae wote hapa Geita mjini aliuliza swali moja tu kuhusu kazi yangu: "Mayu, ukishafika huko chini, nani anakwambia sasa rudi?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na huniita hivyo akiwa na hofu. Nilicheka, nikamwambia kuna saa ya kuonyesha hewa. Hakucheka. Kaka zangu wawili walishatangulia mbele za haki, nimebaki mimi tu, kwa hiyo hofu yote ya mama sasa ni yangu mimi.

Mapezi yangu ya zamani yalikuwa ya mpira mweusi, yale mapana ya kuvaa miguuni ambayo mama anayaita miguu ya bata. Nilitoka nayo pwani, nilikojifunzia kuzamia. Majini hayakuwa na neno. Taabu ilikuwa nchi kavu, maana ni mazito na kazi yangu ni ya kuhama: leo Chato, wiki ijayo Sengerema, siku nyingine naitwa Kagongwa kutafuta mota ya maji iliyozama lamboni. Mitungi ya hewa naikuta huko huko, lakini mapezi, miwani na nguo ya mpira nasafiri navyo. Bega la kulia likaanza kuniuma usiku na mchana. Makonda nao hawakuniacha. "Dada, humu umebeba injini?" Nikawa nawajibu nimebeba kichwa cha konda.

Nikaamua kutafuta mapezi mepesi ya safari. Rafiki yangu wa pwani, tuliyejifunza naye, akanitumia jozi mbili kwa basi, zote mtumba wa watalii, nichague moja, nyingine nirudishe. Moja ilikuwa fupi, nyeusi, ya mpira mnene. Ya pili ilikuwa ya plastiki ya njano, nyepesi hata unaibeba kwa kidole kimoja. Akanipigia simu. "Usinunue kwa macho. Ingia nayo kwenye maji kwanza, utulie, usikie miguu inakwenda wapi."

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini Geita ni mji wa dhahabu, na mtu wa hapa haamini kitu mpaka kipite kwenye mizani. Tumezoea kuona watu wakinyamaza kimya, feni imezimwa upepo usiitikise, macho yote kwenye mizani ya mnunuzi. Basi mizani ikisema, imesema. Nami nikabeba jozi zangu mbili mpaka bucha ya jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kamanda. Leo nusu au robo?"

"Leo nipimie miguu ya bata."

Yule mzee asili yake Tanga, na hana haraka ya kitu. Aliyatazama mapezi, akamtazama mteja aliyekuwa akisubiri maini, kisha akayaning'iniza kwenye ndoano pembeni ya paja la mbuzi. Mpira ulishusha mshale. Plastiki ilikuwa kama haijaning'inizwa kitu. Buchani wakapiga makofi. "Hiyo ya njano, bila ubishi!" akasema mteja wa maini, mtu ambaye hajawahi kuzama hata kwenye beseni. Nikaichukua ya njano. Nyeusi nikairudisha pwani jioni ile ile.

Mama ana mwiko wake: mtumba hauingii ndani kabla ya kufuliwa. Akachota maji kwenye karai, akatia mapezi na sabuni. Nikamsikia ananiita uani.

"Mayu, njoo uone. Nayakandamiza, yanarudi juu."

"Ni mepesi, mama. Ndiyo maana nimeyachukua."

"Sasa kitu kinachokataa kuzama kwenye karai, unakwenda nacho chini ya ziwa kufanya nini?"

"Mama, hayo ni mambo ya ng'ombe au ya kuzamia?"

Nilimjibu hivyo. Mdomo huu! Akayasuuza, akayaanika kwenye kamba.

Siku tatu baadaye nilikuwa safarini kwenda kwenye vizimba vya upande wa Chato, na nakiri, safari ile niliifurahia. Begani kama sina kitu. Konda aliulizia mzigo, nikamwonyesha, akanipitisha mbele. Nilijiona mjanja.

Mshika kamba wangu ni baba mmoja aliyechimba dhahabu miaka mingi kabla ya kuja ziwani. Mimi nikiwa chini, kamba iko kiunoni kwangu, na upande wa pili iko mikononi mwake. Siku zote namwamini. Nilijifunga mkanda ule ule wa uzito wa kunizamisha niliouzoea, nikauma kidude cha kupumulia, nikazama nikapita chini ya kizimba.

Kule chini maji ni ya kijani kizito, mkono wako mwenyewe unauona kwa shida. Juu yangu kulikuwa na sakafu ya wavu na maelfu ya samaki wanazunguka. Nikatafuta tundu. Mara nikahisi miguu inaondoka. Naishusha, inapanda. Naishusha tena, inapanda, kichwa kinaelekea matopeni. Mapezi yalikuwa yananivuta kwa miguu kwenda juu, na juu hakukuwa na njia. Kulikuwa na wavu. Nikapiga teke kujiweka sawa, na kishikizo cha pezi la kulia, kile cha nyuma ya kisigino, kikanasa kwenye wavu.

Mama yangu wee! Niliogopa. Sijui niseme vipi ieleweke. Mwili wote ulikufa ganzi, masikio yakawa yanasikia pumzi zangu tu, na pumzi zilikuwa zinakimbia. Nilining'inia kichwa chini miguu juu. Kisu kilikuwa mguuni, huko huko kulikonasa, mkono haufiki. Nikaivuta kamba kama mwehu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kamba ikitikisika ovyo maana yake mtu anafukiwa, na aliye juu anavuta kwa nguvu zake zote bila kuuliza. Yule baba alifanya kile ambacho mikono yake iliwahi kufanya kuokoa watu. Akavuta. Kiuno kikaenda upande wa kamba, mguu ukabaki kwenye wavu, na kishikizo kikazidi kukaza. Nilivyozidi kupapatika alizidi kuvuta. Nilipiga kelele ndani ya kile kidude, sauti ikatoka mapovu. Nikatazama saa ya hewa, mshale ulikuwa umeshaingia kwenye nyekundu.

Sikumkumbuka Mungu, nisidanganye. Nilikumbuka karai. Niliona mikono ya mama na povu la sabuni, anayakandamiza, yanarudi juu. Nikasema kumbe tatizo si wavu, tatizo ni hiki nilichovaa. Nikaacha kupigana na kamba. Nikajikunja tumboni mpaka mgongo ukalia, nikaushika mguu wangu mwenyewe kwa mikono miwili, nikapapasa kishikizo. Vidole viliteleza mara ya kwanza, vikateleza tena. Mara ya tatu kikaachia. Nikachomoa mguu, na papo hapo kamba ikanizoa kama gunia. Nilipotoka pembeni ya kizimba na kuona jua nilitapika maji, chai na kila kitu.

Yule baba alikuwa amelia. Viganja vyake vilichunika kwa kamba. "Nilidhani nimekuua, dada," alisema. "Nilidhani nimekuua." Tulikaa kwenye mabomba yanayoelea ya kizimba tukitetemeka wote wawili, na hakuna aliyemwita mwenzake mwoga.

Nilirudi Geita na pezi moja. Nilipanga kumwambia mama nimelisahau kazini. Alilitoa salfetini, akalitazama, akatazama kifundo cha mguu wangu kilivyovimba. Akakaa chini mlangoni. Hakuuliza lingine liko wapi.

"Yalikataa karai," alisema tu.

"Niliogopa, mama." Miaka sita, na ndiyo nilikuwa nasema mara ya kwanza. "Naogopa kila siku."

"Najua."

Nilidhani atanikataza kwenda tena, na ningekubali. Hata nilitaka anikataze. Hakunikataza, maana anajua nyumba inakula nini. Mapezi mepesi bado nayatafuta, lakini siku hizi kwanza yanapita kwenye karai la mama. Jozi mbili zimeshashindwa, akanirudishia zikichuruzika maji.

Safari iliyofuata ilikuwa Sengerema. Niliamka alfajiri nikakuta salfeti liko tayari mlangoni, na ndani yake yale mapezi meusi ya zamani yamefutwa vumbi. Nikainama kulinyanyua, bega likanishtua. Mama akautoa mkono wangu. Alijifunga kanga kiunoni, akapiga kata, akajitwika salfeti kichwani. Mama yangu, asiyepanda hata mtumbwi!

"Mama, ni mazito hayo, nitakodi boda."

"Uzito niachie mimi," alisema, akiwa ameshatoka nje. "Wewe kazi yako ni kurudi."

Akatangulia kwenda stendi. Nilimfuata nyuma nikiwa mikono mitupu, na njia nzima hakugeuka kunitazama.