Siku Dada Alipotulia

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwa muuguzi hapa Bunda. Ana miaka kumi na minne. Asubuhi ananikumbatia, mchana hanisemeshi, jioni analia kwa sababu ya kijiko. Nilitaka apewe dawa. Muuguzi akanigeukia mimi.

"Mama, analalaga saa ngapi? Anakula nini? Hedhi ameanza lini? Kuna mtu mmempoteza?"

Akanieleza kwamba katika umri ule mwili hubadilika haraka, na hasira na huzuni huja zenyewe. Njaa, usingizi mdogo au msiba vikiongezeka, mtoto hushindwa kujitawala. Niliitikia, lakini, rafiki yangu, mawazo yalikuwa yameshafika Mugeta, kwa dada yangu.

Mama yetu alipofariki tulihamishwa kutoka Guta kwenda kwa bibi, huko Mugeta. Mimi nilikuwa na miaka tisa, dada kumi na minne. Bado nausikia mchi wa dada ukitwanga udaga, ile mihogo mikavu, na harufu ya furu, samaki wadogo wa ziwani, wakichemka chunguni. Dada aliamka kabla hakujapambazuka kuchota maji lamboni, akaenda shule tumbo tupu, akarudi kutwanga. Kuna siku alituigizia mwendo wa mwalimu, tukacheka mpaka bibi akaacha kupepeta mtama. Kesho yake akarusha mwiko ukutani kwa kuwa nilimwita mara mbili.

Bibi alimwita jeuri. Mwalimu alimchapa. Mimi nilimcheka.

Mchana mmoja nilimkuta nyuma ya ghala, sketi ina damu.

"Usimwambie bibi," akasema. "Sijui nina nini. Naamkaga vizuri tu, halafu moyo unanigeuka. Namwitaga mama, haji."

Niliogopa, nikakimbia moja kwa moja kwa bibi. Habari ya damu niliionea aibu, nikasema moja tu: kwamba dada anaongea na mama.

Jirani akasema ni mapepo. Wakampeleka kwa mganga, siku tatu anafunikwa blanketi juu ya moshi wa mizizi. Akarudi hasemi. Alifanya kila alichotumwa, hakucheka, hakurusha kitu. Bibi akawa anawaambia watu kwa furaha, "Mjukuu wangu ametulia." Na kwa kuwa ametulia, wakaona anafaa kuolewa. Alipofika miaka kumi na sita alichukuliwa na mwanamume wa Kiabakari. Mwaka haukuisha, akafariki akijifungua, yeye na mtoto.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Siku moja tukichambua maharage alisema, bila kuulizwa, "Mama yenu alikuwa mwanangu. Hata mimi nilikuwa nalia, ila nilikuwaga nalilia shambani, msinione." Akaendelea kuchambua. Nami sikumwambia nilichokiona nyuma ya ghala.

Juzi nilipita Mugeta. Boma letu sasa ni shamba la pamba la watu wengine. Ghala lilishabomolewa, lambo limejaa tope, bibi na jirani walishazikwa. Vijana niliowakuta wakipalilia hawajui kama pale aliwahi kuishi msichana. Nilisimama pembeni ya barabara, nikatamani kumweleza mtu maneno yote ya dada, kama alivyoyasema nyuma ya ghala, bila kuacha hata moja. Wa kuelezwa hakuna tena.