Vitabu vya Mizimu Nilivyovisifu Bila Kuvisoma

Mzungu akikuuliza kiangazi hiki asome kitabu gani cha mambo ya roho, mwambie asome saa, aende nyumbani. Nasema hivi kwa sababu zamani, miezi minane tu baada ya kufukuzwa Uganda na sanduku moja na mume mwenye mgongo mbovu, mimi ndiye nilikuwa bingwa wa London nzima wa kupendekeza vitabu hivyo. Na sikujua hata herufi moja. A nilidhani ni ngazi ya mpaka rangi.

Kazi yangu ilikuwa kufagia na kusugua maktaba ndogo ya huku kwetu Queensbury. Siku ya kuandikwa kazi, bibi mkuu wa maktaba aliniuliza kwa upole, "Unajua kusoma? Maana chupa za dawa za kusafishia zina maandishi, na hapa hatuchukui mtu asiyejua."

Nikamwambia, "Yes, very much."

Mume kalala nyumbani kama gunia la mihogo, watoto wanne wanakula kama nzige, ungejibu nini wewe? Basi uongo ule ndio ukawa paa letu. Ukitoboka, tunanyeshewa wote sita.

Aliyejua siri ni mmoja tu, mwenzangu wa Unguja aliyesafisha ghorofa ya juu. Yeye alinisomea chupa zote siku ya kwanza, nami nikazikariri kwa harufu.

Sasa kiangazi kikaingia. Kiangazi cha London ni siku tatu. Jua likatoka, watu wakavua nguo kama wanaungua, na akili nayo ikafuata nguo. Bibi mkuu akatoa vitabu vyake vya kiangazi: kuabudu mwezi, kuongea na mawe, wachawi wa kale wa Kizungu wakicheza msituni uchi, na baridi ile! Miezi yote nikiwasha udi mbele ya miungu yangu majirani walikuwa wakiziba pua, "Moshi huo ni wa nini?" Kumbe nao wana mawe wanayoyapigia magoti, ila lazima wayasome kwanza. Kwetu mtu akikumbatia mti mchana kweupe, jamaa zake wanaitwa waje wamchukue polepole. Hapa anapewa kitabu cha pili.

Na vitabu vyenyewe hakuviweka mezani. Alivitandaza chini kwenye zulia, duara, eti vivute nguvu ya ardhi. Zulia la nailoni! Nguvu pekee iliyokuwemo mle ni ya kukusimamisha nywele.

Nikapita na ndoo, mguu ukagonga kitabu kimoja. Sisi Wahindu kitabu ni elimu, na elimu ni mungu mwenyewe. Mguu ukikigusa umekosa. Unainama, unakigusa kwa vidole, unavipeleka machoni, unaomba radhi. Hata kiwe kitabu cha simu. Nikafanya hivyo haraka, nikainua macho, nikamkuta bibi mkuu kasimama nyuma ya rafu, mkono kifuani, kama kaona malaika.

"Umesikia," akanong'ona. "Kitabu hiki kimesema nawe."

Kilichosema ni kidole changu gumba, kilisema aah. Lakini nikajibu, "Yes."

"Ulishakisoma?"

"Yes."

"Nilijua! Wewe unatoka kule zinakoishi roho. Alhamisi mchana wasomaji wangu wanakutana. Utatupendekezea."

Nikapanda ngazi mbio, sari mkono huu, kitabu mkono huu. Mwenzangu wa Unguja kusikia, akakaa juu ya ndoo akacheka mpaka ikapasuka.

"Shoga, weye una wazimu! Utawaambia nini?"

"Nisomee basi."

Akafungua, akasoma kurasa mbili, akafunga kwa kishindo. "Astaghfirullah! Mwanamke kavua nguo kakaa mtoni, anauliza mwezi mbona mumewe hamsikilizi. Kurasa mia tatu! Mimi siendelei, nina udhu."

"Mwezi umemjibu nini?"

"Mwezi umjibu huyo? Utashuka cheo."

Alhamisi ikafika. Watu ishirini na kitu, wazee wazima, wamekaa chini kama watoto wa chuo cha Kurani, viatu wamevua, vidole vyeupe kama mishumaa. Nikasimama na kile kitabu. Sasa nifanye nini? Nikawapa jiwe la Mombasa nililolitunga palepale. Jiwe la mzimu, nikasema, na kontrakta mmoja wa kwetu, tumbo mbele kama ngoma, anataka kulitoa ajenge duka. Kila akiamrisha "Ling'oeni!" suruali inashuka. Akafunga mkanda, ikashuka. Mikanda miwili, ikashuka. Kamba ya katani, ikashuka. Akamwita fundi amshonee suruali mwilini, jiwe likamshusha na fundi suruali yake.

"Yote yamo humu," nikapiga jalada.

Mama mmoja alilia. Eti amepata nuru. Foleni ya kukiazima kile kitabu, ungeinyoosha ingefika Tottenham.

Wiki ya pili akarudi wa kwanza, dereva wa basi mstaafu, mzee wa miraba minne. Akakitupa kaunta.

"Nimekisoma mara mbili. Hakuna jiwe. Hakuna suruali."

"Umekwenda mbio, baba," nikasema. "Umezoea basi."

Hakucheka. Bibi mkuu akaja akitabasamu. "Atakuonyesha ukurasa," akasema, akaniwekea kitabu mkononi.

Nikamwona mume wangu na mgongo wake, nikawaona wanne midomo wazi. Juu ya ngazi mwenzangu akachungulia, ufagio mkononi.

"Sema huna miwani!" akanirushia kwa Kiswahili. "Macho! Sema macho!"

Ningesema. Lakini yule mzee kurasa mia tatu, mara mbili, anatafuta suruali yangu! Nikamhurumia, jambo ambalo si tabia yangu.

"Sijui kusoma," nikasema. "Hata kidogo. Jiwe nimelitoa kichwani."

"Na suruali?"

"Nayo."

Mzee akavaa kofia yake. "Afadhali," akasema. "Nilidhani kichaa ni mimi."

Bibi mkuu akaniingiza ofisini kwake, akafunga mlango. Nikaanza kufungua aproni mwenyewe, asipate tabu. Kumbe macho yamemjaa machozi! Akanishika mikono yote miwili.

"Maandishi hayajakuharibu," akasema. "Uko karibu na ardhi. Sisi tunasoma maisha yetu yote tukitafuta hapo ulipo wewe."

Karibu na ardhi! Nasugua sakafu yake kwa magoti, brashi ndogo kama mswaki, pua yangu na zege hazipishani shubiri, halafu ananionea kijicho! Aibu niliyoificha mume na watoto wasinyeshewe, yeye anaitazama kama kipuli cha dhahabu. Kama kutosoma ni neema, mbona hatii kiberiti rafu zake akae nami chini?

Lakini nikaona hajaipokea aproni.

"Kwa hiyo kazi ninayo?"

"Daima, mpenzi wangu. Daima."

"Basi, mama, ninunulie mopu yenye mpini mrefu. Niende mbali kidogo na hiyo ardhi."

Akaiandikia oda hapohapo. Jumatatu mopu ikaja, nyekundu.