Msindikizaji Asiyerudi

Wanaonijua hapa Makole wanajua sijidharau. Kazi yangu ni kuwafundisha wageni Kiswahili na adabu zetu, na ninaiweza. Sasa sikieni nilivyoumbuka juzi.

Mwanafunzi wangu Kenji, daktari wa mifugo kutoka Japani anayejiandaa kwenda kufanya kazi Mpwapwa, alinialika chai kwake. Nilipoaga akanisindikiza, kama nilivyomfundisha. Nilidhani ataishia barabarani. Hakuishia. Tukapita sokoni, tukapita kanisani, yeye yupo tu ubavuni mwangu, anatabasamu.

Mimi nami nina macho. Nikajisemea, kijana wa watu amekwisha! Nikapunguza mwendo, nikauweka mtandio vizuri, huku natunga maneno ya kumkataa bila kumuumiza.

Getini kwetu nikawakuta mama na jirani yetu wanachambua mchicha. Kenji akainama, "Shikamooni." Wakaitikia, kisha wakanitazama mimi.

Nikaona nimalize mambo palepale. "Kenji, wewe ni kijana mzuri, lakini mimi nina mchumba. Nisamehe."

Akaduwaa. "Hongera, mwalimu," akasema. "Ila naomba ruhusa nirudi. Ulitufundisha kwamba anayesindikiza hageuki mpaka mgeni amwambie inatosha. Nasubiri tangu kule barabarani."

Jirani akajifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika. Mama akaweka ungo chini.

"Inatosha, mwanangu, rudi salama," akamwambia Kenji. Kisha akanigeukia mimi. "Haya, na huyo mchumba ni nani, mbona simjui?"