Betri ya Mtani

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini ghorofa langu la Igoma utaliona kabla hujashuka kwenye gari. Mageti ya nusu ya mtaa ule nimeyachomelea mimi. Sikurithi hata jembe. Kwa hiyo binti yangu, aliyeko chuo, alipolalamika kwamba umeme ukikatika kompyuta inazima na kazi yake inapotea, sikutaka kusikia habari ya kuita mtu kutoka mjini. Nilimwambia, "Mama, fundi ni baba yako."

Inveta ya kugeuza umeme wa betri nilikuwa nayo. Kilichokosekana ni betri ya sola, na kwa jambo hilo nilikuwa na mtu wangu. Kwao ni pwani, kwetu ni Misungwi, na watu wa pwani na Wasukuma ni watani tangu mababu. Ana kibanda cha vifaa vya umeme karibu na karakana yangu. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina; ni "mtani" asubuhi, "mtani" jioni. Nilipomzika mama yangu, yeye ndiye aliyeshuka kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akagoma kutoka mpaka aletewe soda. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Mtu kama huyo humkagui mzigo.

Betri aliileta mwenyewe, inang'aa, ina karatasi ya kiwanda ubavuni, nikamlipa bei ya mpya.

"Msukuma, hii si ng'ombe. Usije ukaipa majani."

"Lete hapa, mla nazi wewe. Mimi nimeanza kushika umeme wewe bado unaogopa tochi."

Nyaya nilifunga kwa mkono wangu, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikapaka grisi vichwani. Kipimo kikasema betri imejaa. Majirani waliokuja kutazama niliwapa viti. Binti nikamwambia aandike kwa raha zake, habari ya umeme imekwisha.

Kesho yake mchana umeme ukakatika mtaa mzima, kompyuta yetu peke yake ikabaki inawaka. Nilitoka nje makusudi, watu wanione. Sijamaliza hata kuwasalimia, nikasikia inveta inalia, piii, halafu sauti ya binti yangu: "Baba! Imezima!" Sura nzima ya utafiti wake, aliyoiandika tangu asubuhi, ilikwenda na maji.

Nilidhani ni nyaya. Nikainamia betri, nikaona ile karatasi ya kiwanda imeinuka pembeni kwa joto. Nikaivuta. Chini yake plastiki ilikuwa imepigwa msasa, ila msasa haukufika mwisho: zilibaki pembe mbili za ng'ombe, nilizozichoma mimi mwenyewe kwa chuma cha moto. Nina lori la kubebea vyuma, na betri zake zote naziwekea alama ile kwa sababu ya wezi, kama marehemu baba alivyowawekea ng'ombe wake. Hii ilikufa zamani. Mtani aliniomba akayeyushe madini ya risasi yaliyo ndani yake, amtengenezee shemeji yake vizito vya kuzamishia nyavu kule ziwani. Nilimpa bure.

Nikaibeba begani mpaka kibandani kwake, nikaitua mezani, pembe zinamtazama. Aliziangalia. Nikamwona anatafuta uso wa kuvaa. Kisha akacheka kwa nguvu, wateja wasikie.

"Mtani bwana! Nimekuuzia ng'ombe wako mwenyewe! Utani huo!"

Wateja nao wakacheka. Desturi naijua: mtani akikuchukulia kitu hukasiriki, unamvizia siku yake. Lakini mtani huchukua huku unamwona. Utani haupigwi msasa. Na binti yangu alikuwa nyumbani, anaanza upya ukurasa wa kwanza.

Nikasema, "Samahani, fundi. Betri yako hii hapa."

Akaacha kucheka. "Fundi nani? Mimi, mtani?"

"Siku njema, fundi."

Nikarudi karakanani, kulikuwa na geti la mtu linanisubiri. Siku ile nilichomelea vibaya, na mimi huwa sichomelei vibaya.