Magugu ya Ziwani Yamekosa Mfadhili

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu ofisi moja ya serikali pale Nyamagana. Yuko sekondari, na amejitungia utafiti wake mwenyewe: anataka kuozesha magugu maji kwenye pipa apate gesi ya kupikia. Alikwenda kuomba ruhusa ya kuyazoa gatini, maana mlinzi alishamfukuza, na shule zinakaribia kufunguliwa.

“Shikamoo.”

“Marahaba, binti.” Bwana wa mezani akamsikiliza shida yake huku akichokonoa meno. “Mfadhili wako nani?”

“Sina. Ni mimi mwenyewe.”

Bwana yule akachungulia mlangoni nyuma yetu, utadhani kuna Mzungu tumemwacha nje. “Utafiti hauwi hivihivi. Katafute mfadhili. Ukija naye, hata boti tutakupa.”

“Mwanangu,” nikasema, “magugu yenyewe yanazuia hata kivuko. Mtoto anataka kuyaondoa bure!”

“Bibi, huo ndio utaratibu.”

Akarudi kuchokonoa meno. Mjukuu wangu akakunja gunia lake tupu, akalibana kwapani, tukatoka.

Miaka hii tunaambiwa kila kitu ruksa: ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka barazani. Mtoto wetu kufikiri peke yake, hiyo naona bado hawajairuhusu.