Bi Tone na Kopo la Maziwa

Maabarani walimwita Bi Tone, kwa sababu kwake tone la dawa lilikuwa na heshima kuliko mkuu wa idara. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa maabara pale, na aliyemwaga ovyo alikiona cha mtema kuni. Mumewe alimtania kwamba hata chumvi ya supu huipima. Na kweli aliipima.

Tone lililomtia aibu lilikuwa la kingamwili. Kazi yake ilikuwa moja: kuitafuta protini inayopeleka ujumbe ndani ya seli, na kuinasa pale tu inapokuwa na alama kwamba ujumbe umefika. Lilibaki tone moja, na kingamwili nyingine ingekuja baada ya miezi miwili. Mwanafunzi wa uzamili aliyeitegemea alibakiwa na wiki tatu atetee utafiti wake, na seli zake alizilea miezi mitano utadhani vifaranga.

Siku hiyo Bi Tone alimkuta ameshaitoa picha ya karatasi iliyobeba protini za seli zake. Karatasi nzima nyeusi tii.

"Seli zangu mbovu, mama," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Alama kila mahali! Nimekosea tangu mwanzo."

Bi Tone akatupa jicho mezani. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa wazi. Mafundi huifunika karatasi kwa maziwa kwanza ili kingamwili isigande ovyo, lakini hii haitaki maziwa, maana protini za maziwa nazo zina alama kama zile. Hii hutaka albumini, protini ya damu ya ng'ombe. Somo hilo alilifundisha yeye, tena kwa ukali, na jana mkono wake ukaenda kwenye kopo kwa mazoea, mdomo ukipiga soga.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa wa kuumbuka angekuwa binti wa watu.

"Mwanangu, seli zako hazina neno. Ni mimi. Nimefunika kwa maziwa."

"Wewe?"

"Mimi, mtu mzima na akili zangu. Utanicheka baadaye, sasa nipe albumini."

Mchanganyiko wenye lile tone binti hakuumwaga, alikuwa ameuweka kwenye friji. Wakaiosha karatasi mpaka kingamwili ikaachia, wakaifunika upya, wakaurudisha mchanganyiko uleule. Alasiri mistari ikajitokeza: mwembamba kwa seli zilizoachwa bila dawa, mnene kwa zilizopewa, kama binti alivyotarajia. Binti akamrukia shingoni, naye Bi Tone akamkumbatia huku akilalamika kwamba atamvunjia miwani.

Kisha binti akatoa barua mfukoni mwa koti. Ilikuwa ya kuacha masomo, imeshatiwa sahihi.

"Niliiandika asubuhi kabla hujafika. Nilitaka kuipeleka saa nane."

Bi Tone akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na nusu. Akavuta kiti, akakaa, akaichukua ile barua, na mikono ile isiyomwaga kitu ikaichana vipande na kuvimwaga sakafuni.